Nani aliandika Rent? Dola 2,000, wasaidizi wawili na jina moja kwenye bango

Usiku wa tarehe 24 Januari 1996, Jonathan Larson alirudi nyumbani kwake katika Mtaa wa Greenwich, Manhattan, akitoka kwenye mazoezi ya mwisho ya tamthilia yake ya nyimbo, Rent. Kabla hakujapambazuka alikutwa amekufa sakafuni, jikoni. Mshipa mkuu wa damu ulikuwa umepasuka. Alikuwa na miaka 35, zimebaki siku kumi atimize 36, na watazamaji wa kwanza walitarajiwa kuingia ukumbini jioni ya siku hiyohiyo. Jioni ilipofika, waigizaji waliwaita ndugu na marafiki, wakakubaliana wakae vitini waimbe tu, bila kuigiza. Hawakuweza. Sehemu ya kwanza haijaisha walishasimama na kucheza.

Miezi mitatu baadaye mchezo ule ulihamia Broadway, kwenye majumba makubwa ya tamthilia ya New York. Ukapata tuzo ya Pulitzer, ukapata tuzo nne za Tony, ikiwemo ya tamthilia bora ya nyimbo ya mwaka. Ulidumu miaka 12, maonyesho 5,123, hadi Septemba 2008, na tiketi zake ziliingiza zaidi ya dola milioni 270. Mtunzi hakuona hata senti moja ya fedha hizo.

Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 1996, mwanamke aliyelipwa dola 2,000 kwa kazi aliyoifanya kwenye mswada ule alikwenda mahakamani. Alidai kwamba yeye pia ni mwandishi.

Kesi hii, Thomson dhidi ya Larson, husomwa na wanasheria kama somo la hakimiliki. Mimi naisoma kama kisa cha maisha ya kazi ya mtunzi, maana hukumu ilitoka kwenye tabia aliyojijengea Larson kwa miaka kumi na zaidi. Mistari yenyewe ya mchezo ilikuwa na uzito mdogo mno katika uamuzi ule.

Turudi nyuma kidogo. Larson alizaliwa White Plains, jimbo la New York, mwaka 1960, akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Adelphi. Akiwa kijana alimwandikia Stephen Sondheim, mtunzi aliyemhusudu kuliko wote, na Sondheim akawa mlezi wake: anasikiliza kazi, anakosoa, anaandika barua za kumwombea nafasi. Kazi yake kubwa ya kwanza alikusudia iwe tamthilia ya nyimbo kutokana na riwaya ya George Orwell iitwayo 1984. Wasimamizi wa mirathi ya Orwell wakakataa. Basi akageuza, akabuni dunia yake mwenyewe ya baadaye, akaiita Superbia. Miaka ikapita akiinoa. Ilipata tuzo ya Richard Rodgers mwaka 1988, ikasomwa na kuimbwa mbele ya watu mara kadhaa, lakini haikupata mtu wa kuisimamisha jukwaani kikamilifu. Ilikuwa na seti kubwa na waigizaji wengi, wakati yeye hakuwa na jina. Hakuna aliyetaka kuweka fedha hapo.

Kilichomweka mjini ni mkahawa. Kwa takriban miaka kumi alihudumu mezani Moondance Diner, mtaa wa SoHo, akipata kodi ya nyumba siku za mwisho wa wiki ili zilizobaki aandike. Mwaka 1990 akatengeneza onyesho la mtu mmoja na piano, yeye mwenyewe, kuhusu mtunzi anayekaribia miaka 30 bila kufika popote. Ndilo lililokuja kuitwa tick, tick... BOOM!

Ukishaelewa hapo, huhitaji kuwa mwanasaikolojia kujua kwa nini mtu huyu alikuwa mgumu kugawana jina. Alikwisha kunyimwa hadithi ya mwingine kwa sababu ya haki za mwingine. Alikwisha kuona kazi ya miaka inabaki kwenye makaratasi. Jina lake kwenye mswada ndicho kitu pekee alichokuwa nacho.

Wazo la Rent, hata hivyo, halikuwa lake.

Lilikuwa la Billy Aronson, mwandishi wa tamthilia aliyetaka kuichukua La Bohème ya Puccini, opera ya wasanii mafukara wa Paris, na kuileta New York ya leo. Mwaka 1989 alikutanishwa na Larson. Aronson angeandika maneno, Larson muziki. Walitoa nyimbo chache pamoja, kisha wakaona hawaelekei kumoja. Larson aliutaka mchezo uzungumzie UKIMWI uliokuwa ukiwamaliza rafiki zake, autie sauti za roki, auweke mitaa ya East Village. Mwaka 1991 alimwomba Aronson amwachie aendelee peke yake, naye akaridhia.

(Puccini mwenyewe hakuwa na moyo wa kuachiana namna hiyo. Mwaka 1893 mtunzi mwenzake Leoncavallo alilalamika magazetini kwamba hadithi ile, iliyotoka kwenye kitabu cha Mfaransa Murger, alianza yeye kuitungia opera. Puccini akajibu kwamba kila mtu atunge yake, watazamaji watahukumu. Wakatunga wote wawili. Ya Puccini ilipanda jukwaani Turin tarehe 1 Februari 1896, ya mwenzake mwaka uliofuata, na ya mwenzake leo wanaoijua ni wachache. Karne moja baadaye hadithi ile haikuwa na mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Kwa mtu aliyekwisha kukataliwa na warithi wa Orwell, hilo halikuwa jambo dogo.)

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba Larson na Aronson hawakuishia kwenye maneno ya mdomo. Waliandikiana. Mchezo ukifanikiwa, Aronson atatajwa kuwa ndiye mwenye wazo la awali na maneno ya ziada ya nyimbo, na atalipwa kwa hilo. Mwandishi atabaki kuwa Larson. Wakati ule walikuwa wawili wasiojulikana wakigawana mali isiyokuwepo. Kuandika mkataba juu ya mchezo usio na ukumbi wala mtayarishaji kungeweza kuonekana mzaha. Lakini karatasi ile ndiyo sababu huwezi kusikia kesi ya Aronson dhidi ya Larson.

Sasa twende kwenye msaidizi wa pili.

Mwaka 1992 Larson alipita kwa baiskeli Mtaa wa Nne Mashariki, akaona New York Theatre Workshop wanakarabati ukumbi wao mpya, akaupenda, akawapelekea mswada. Mkurugenzi wa sanaa, James Nicola, aliupenda muziki. Hadithi ndiyo ilimsumbua: wahusika wengi, mikasa mingi, huoni nani umfuate. Mwaka 1993 alipendekeza waajiri mwandishi wa kusaidia kuipanga hadithi. Larson akakataa katakata. Alitaka kazi iwe yake mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1994 akapata ruzuku ya Richard Rodgers, wakafanya onyesho la majaribio, ukumbi ukajaa, watayarishaji wawili vijana, Jeffrey Seller na Kevin McCollum, wakavutiwa. Bado tatizo lilikuwa lilelile: nyimbo zinakuinua kitini, hadithi inakupoteza.

Kiangazi cha 1995 ukatafutwa mlango wa nyuma, nao ukapatikana. Kama Larson hataki mwandishi mwenza, hatakataa mshauri wa mswada. Kazi hii ina jina lake la Kijerumani, dramatugi, tangu Lessing alipoajiriwa na jumba la tamthilia la Hamburg mwaka 1767. Kwa ufupi ni mtu anayekaa kati ya mwandishi na jukwaa. Anasoma, anauliza, anatafiti, anasema hapa sielewi. Aliyechukuliwa ni Lynn Thomson, mwalimu wa uandishi wa tamthilia katika Chuo Kikuu cha New York. Mkataba wake ulikuwa na ukumbi, siyo na Larson. Ulisema atampa mwandishi na mwongozaji msaada wa kitaaluma na utafiti, atalipwa dola 2,000 kuwa malipo kamili ya huduma hiyo, na atatajwa kwa cheo chake. Kuhusu hakimiliki haukusema neno.

Walikaa wawili miezi ile ya kiangazi na vuli nyumbani kwa Larson, mswada ukavunjwa na kujengwa upya. Ulipotoka Oktoba, kila aliyekuwa ameusoma ule wa kwanza aliona ni kitu kingine. Larson akaacha kazi ya mkahawani. Januari akafa. Baada ya mazishi, Nicola, mwongozaji Michael Greif, kiongozi wa muziki Tim Weil na Thomson walikaa tena kumalizia kupunguza na kunyoosha, kwa kuwa mwenye kazi hakuwepo kuamua. Tarehe 13 Februari mchezo ukafunguliwa rasmi, Aprili 29 ukawa Broadway.

Hapo ndipo Thomson alipowaendea warithi, yaani wazazi wa marehemu na dada yake, akaomba sehemu ya mirabaha ya mwandishi. Walimwambia watampa asilimia moja, iwe zawadi. Maongezi yakavunjika. Mahakamani alidai asilimia 16.

Naomba tusimame hapa, kwa sababu msomaji anaweza kudhani swali la mahakama lilikuwa "je, aliandika au hakuandika?" Halikuwa hilo. Jaji Lewis Kaplan, aliyesikiliza kesi Julai 1997, alikubali kwamba Thomson alitia kwenye mswada vitu vinavyoweza kulindwa na hakimiliki, siyo ushauri mtupu. Thomson akashindwa hata hivyo. Akakata rufaa, na Juni 1998 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Guido Calabresi, ikasema vilevile.

Sababu iko kwenye kanuni ambayo mahakama hiyo iliikazia mwaka 1991 katika kesi nyingine ya tamthilia, Childress dhidi ya Taylor. Kule mwigizaji Clarice Taylor alikusanya habari za mchekeshaji Moms Mabley, akampa mwandishi Alice Childress, akatoa na mawazo, kisha akadai ni mwandishi mwenza. Mahakama ikaweka masharti mawili. Kila mmoja awe ametia kitu kinacholindwa na hakimiliki, na kila mmoja, wakati wanafanya kazi, awe amekusudia kwamba wao ni waandishi wenza. Kusudio la mmoja halitoshi.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu sheria ya Marekani ya 1976 huwapa waandishi wenza, wasipokubaliana vinginevyo, hisa sawa. Wawili nusu kwa nusu, hata kama mmoja aliandika kurasa 90 na mwingine kumi. Kusingekuwa na kipimo cha kusudio, kila mhariri aliyerekebisha sura mbili angeweza kuamka asubuhi akiwa mmiliki wa nusu ya kitabu.

Sasa utamjuaje marehemu alikusudia nini? Mahakama iliangalia nyendo zake. Nani alikuwa na neno la mwisho? Larson, alisikiliza, akachukua alichotaka, akatupa asichotaka. Majina yaliandikwaje? Kila mswada ulibeba maneno yaleyale, Rent, kazi ya Jonathan Larson, na Thomson alitajwa kuwa mshauri, hata katika wasifu wake kwenye kitabu cha onyesho. Mikataba na watu wengine ilisemaje? Mwandishi mmoja tu. Na historia? Mtu huyu alikwisha kukataa mwandishi mwenza alipoletewa na ukumbi, na alikwisha kuandikiana na Aronson kwamba mwandishi ni yeye.

Thomson alieleza kwamba Larson alimwahidi kuwa daima atautambua mchango wake, na kwamba hatasema ameandika kitu kilichoandikwa na Thomson. Mimi nilipofika hapo nilidhani ameshinda. Majaji waliyasoma maneno hayo kinyume kabisa: anayeahidi kuutambua mchango wako anajiona yeye ndiye mwenye kazi, na wewe ndiye uliyechangia. Inauma, lakini ukiyapima kwa utulivu ni vigumu kuyapindua.

Najua wapo watakaosema haki haikutendeka. Mimi nagawanyika. Kisheria naona hukumu imesimama, na aliyewahi kukaa kwenye meza ya mazoezi anajua ni kwa nini. Mwigizaji hutamka sentensi kimakosa, ikapendeza, ikaingia kwenye mswada. Mpiga ngoma hubadili mwendo, wimbo mzima ukahama. Mwongozaji husema "huyu asife, afe yule", na tamthilia ikapona. Kama kila mchango ungekuwa umiliki, hakuna mtunzi ambaye angethubutu kumruhusu mtu aingie chumbani, na tamthilia haiandikwi chumba kimefungwa.

Kinachonikera ni pengine. Kipimo cha kusudio humpa nguvu yule ambaye tayari jina lake liko juu ya karatasi. Yeye ndiye anayeamua bango litaandikwaje, na bango hilohilo baadaye huwa ushahidi wa alivyokusudia. Msaidizi anayekuja kiangazi kimoja, kwa ujira wa dola 2,000, hana mahali pa kuandika kusudio lake. Anaweza kusema tu wakati ule, kwa mdomo, mbele ya mwenzake anayehangaika usiku na mchana, na ni nani anayepata ujasiri wa kufungua maongezi hayo katikati ya kazi inayokwenda vizuri? Kwetu pwani hatuna cha kuwacheka. Wimbo wa taarabu una mtunga mashairi, una aliyetia muziki, una aliyeimba, na mtaani utausikia ukiitwa kwa jina la mwimbaji.

Kwa hiyo mimi lawama siielekezi kwa warithi wala kwa Thomson. Kiini cha shauri ni ile karatasi ya dola 2,000 iliyotaja utafiti, ikataja cheo, ikataja malipo kamili, ikanyamaza kuhusu maneno ambayo mshauri angeweza kuyaandika mwenyewe. Linganisha na ya Aronson. Mtunzi huyohuyo, mchezo huohuo, msaidizi mmoja ametoa wazo na vipande vya nyimbo, mwingine ametoa miezi ya kuijenga upya hadithi. Wa kwanza alitajwa na kulipwa bila wakili kusimama mbele ya jaji. Wala sidhani mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake. Aliandikiana na Larson mapema, wakati bado hakuna cha kugombea, na watu huwa wakarimu sana wanapogawana sifuri.

Kimya kile kilikaribia kuwageukia warithi nao. Mahakama ya Rufaa iliacha swali moja mlangoni bila kulijibu: kama Thomson si mwandishi mwenza, na kama hakuna mahali alipohamisha haki zake, je, mistari aliyoiandika mwenyewe ni ya nani? Huenda ni yake. Na kama ni yake, anaweza kuidai itolewe kwenye mchezo unaojaza ukumbi kila usiku. Majaji walisema hilo halikufikishwa mbele yao kwa utaratibu, wakaliacha. Ushindi wa warithi ulikuwa na tundu, na pande zote mbili ziliona tundu lilipo. Mwaka huohuo wa 1998 walimaliza nje ya mahakama.

Warithi, kwa upande wao, walikuwa wamekwisha kuanzisha mfuko kwa jina la marehemu wa kuwapa ruzuku watunzi chipukizi wa tamthilia za nyimbo, wale walio bado kwenye mkahawa. Ruzuku hizo zinaendelea kutolewa hadi leo.

Halafu mwaka 2001 likarudishwa jukwaani lile onyesho la mtu mmoja na piano, tick, tick... BOOM! Alilolifanya Larson peke yake haliwezi kufanywa na mwingine vilevile, kwa hiyo lilihitaji kuvunjwa na kujengwa upya, kama Rent ilivyohitaji. Safari hii aliyeitwa ni David Auburn, mwandishi wa tamthilia aliyepata Pulitzer mwaka huohuo kwa mchezo wake mwingine. Alipitia matoleo aliyoyaacha marehemu, akamgawa mtu mmoja kuwa waigizaji watatu. Lilipofunguliwa New York, jina la Larson lilikuwa peke yake kwenye hadithi, muziki na maneno ya nyimbo. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa kuwa David Auburn ni mshauri wa mswada.